Miguu Chini ya Shuka

Mdogo wake alipofunga mlango kwenda kazini, Mama Daktari alisikiliza mpaka viatu vikaacha kusikika ngazini. Ndipo akaitoa simu ya hospitali chini ya mto, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akabandika maziwa jikoni, akakaa kitini na kuunyoosha mguu wenye goti la bandia.

"Habari ya asubuhi, mama," simu ikasema. "Umelala vizuri? Haya, leo tunakunja goti. Usiniogope."

"Nimelala vizuri, mwanangu."

Kwenye kioo cha simu alikuwa binti yake, ndani ya sare ya bluu, na lile tabasamu lake la upande mmoja. Hakuwa daktari hata kidogo, alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ila mtaa ulimpachika jina la Daktari siku ya kwanza alipoonekana na sare, na mama yake naye akapandishwa cheo palepale. Sasa Daktari alikuwa na mwaka wa pili kaburini. Alianguka wodini akiunganisha zamu ya usiku na ya mchana, kwa sababu hospitali haikutaka kuajiri mtu wa pili. Simu yake ilipotelea kati ya wodi na mochwari, pamoja na picha zake zote na sauti yake. Majirani waliendelea kumwita mzazi wake Mama Daktari. Wangemwitaje tena?

Basi wewe fikiria. Mwanamke anabadilishiwa goti, anaazimwa simu yenye mazoezi ili asije kujaza foleni za watu, anafika kwake, anaiwasha, na mtoto aliyemzika anamwamkia. Siku ile aliidondosha ile simu na kuiacha sakafuni mpaka adhuhuri. Hakuna aliyemwonya. Hospitali ilikuwa bado inamtumia Daktari. Hata kufa hakukumpa likizo.

Kesho yake aliiwasha tena, akamwitikia.

Video zile zilirekodiwa humu humu chumbani. Hospitali haikuwa na pa kurekodia, ikamwambia binti ajue mwenyewe. Mama ndiye aliyemtundikia shuka nyuma yake lifiche vyombo, na shuka likawa fupi. Kwa hiyo katika zoezi la mwisho, ukiangalia chini ya shuka, utaona miguu miwili ya kandambili inapita, mmoja unaburuta. Halafu sauti: "We, utakula saa ngapi? Chakula kinapoa!" Daktari anainua mkono bila kugeuka. "Nakuja, mama, namalizia." Kisha anarudi kwa mgonjwa wake: "Samahani. Tuendelee."

Kila asubuhi Mama Daktari aliisubiri miguu ile, na kila asubuhi ilimtisha. Ilikuwa miguu yake mwenyewe, ya mwanamke asiyejua lolote, anayepiga kelele kwa ajili ya chakula. Alitamani kumshika yule mwanamke bega na kumwambia aache chakula kipoe, apite mbele ya shuka, amtazame mtoto.

Tatizo ni kwamba goti lilikuwa limepona. Walimweleza mapema: likikunjika sawasawa, anaandikwa amepona, mazoezi yanafungwa, simu inakwenda kwa mgonjwa mwingine. Na kule kwa dobi alikokuwa akipiga pasi, mwenye duka alishatuma salamu kwamba mwezi ukiisha hajarudi, nafasi yake inapewa mtu. Alijua vyema anachokichezea. Lakini kila alipokaguliwa kwa simu ya video alilikaza goti na kukunja uso, akijiambia ni wiki hii tu.

Asubuhi hiyo Daktari ndiyo kwanza anaanza zoezi la mwisho, simu ikaita. Akatoweka. Akatokea mtaalamu wa ukaguzi, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mama, hebu nionyeshe. Kunja. Zaidi. Ah, mbona tunarudi nyuma?"

"Linauma, baba."

"Linauma wapi?"

"Kote kote."

Kijana akashusha pumzi. "Nitalazimika kukurudisha kwa wapasuaji wakulaze walikunje kwa nguvu. Na mimi nina bosi. Kila siku ananiuliza kwa nini wagonjwa wangu hawapungui."

Hapo alisikia maziwa yanafoka. Jiko lilikuwa sakafuni. Mama Daktari akaruka kutoka kitini, hatua mbili, akachuchumaa, akazima jiko, akainua sufuria kwa pindo la gauni. Ndipo akagundua jinsi alivyokaa.

Nyuma yake simu ilikuwa inapiga makofi.

"Mama! Umechuchumaa! Kumbe ulikuwa woga tu! Hongera sana!"

"Usiandike," alisema bila kuinuka. "Nakuomba, baba yangu, usiandike kwanza."

"Nimeshabonyeza, mama. Nenda kazini kwako, uachane na sisi."

Kijana wa watu alikuwa na furaha ya kweli. Kioo kikawa cheupe, kikaandika: Umepona. Asante kwa kutumia huduma yetu. Mama Daktari alibonyeza juu, akabonyeza chini, akaizima, akaiwasha. Maneno yakabaki yale yale. Alilia pale pale sakafuni, maziwa yakigandia kwenye jiko.

Mchana alichukua simu yake ndogo ya vibonyezo, akapiga hospitali. Alipokea dada mwenye sauti tamu.

"Namtaka yule binti anayefundisha kwenye video za goti. Ni mwanangu."

"Hizo video ni mali ya hospitali, mama. Mgonjwa akishapona hatumfungulii. Ila kama ni mtumishi wetu, yeye mwenyewe anaruhusiwa kuomba. Mwambie apite ofisini na kitambulisho."

"Hawezi kupita."

"Hata akitoka zamu?"

"Amefariki. Hapo hapo kwenu."

Upande wa pili vidole viligongagonga kompyuta. "Pole sana, mama. Lakini kwenye mfumo hapa anaonekana yuko kazini. Kuna lingine nikusaidie?"

Mdogo wake aliporudi jioni alimkuta ameketi na shuka mapajani, lile lile fupi. Alimsimulia yote. Mdogo mtu akavua viatu polepole.

"Siku zote hizo, dada? Tungeazima simu ya jirani tukamrekodi!"

"Ungesema nimechanganyikiwa."

"Ningekaa na wewe nimtazame! Kwani mimi sikumlea? Na mimi nilikuwa namtaka."

Hilo Mama Daktari hakuwa amelifikiria, na lilimuuma kuliko lile neno la kwenye kioo cheupe. Alimshika mdogo wake mkono, wakakaa hivyo mpaka chumba kikaanza kuwa giza. Baadaye mdogo mtu akaenda kupakua chakula, maana lazima watu wale.

Sahani zilikuwa mezani mlango ulipogongwa. Alikuwa mwanamume mwenye begi la hospitali na karatasi mkononi.

"Nimekuja kuchukua simu yetu, mama. Weka sahihi hapa."

"Nani kakutuma?"

"Hospitali."

"Hapana." Mama Daktari alisimama wima kwenye miguu yote miwili, bila fimbo, akaujaza mlango. "Binti yangu ni mtumishi wenu. Nimeuliza leo, nimeambiwa yuko kazini. Mtumeni yeye aje aichukue."

Mwanamume aliitazama karatasi yake. "Mama, mimi natumwa tu. Nitawaambia nini?"

"Waambie hivyo hivyo. Akija, nitampa. Akija usiku, akija lini, nipo."

Akafunga mlango. Mezani chakula kilikuwa kinapoa, na hakuna aliyemwita mwenzake kula.