Bahari ya Ghorofa ya Nne Chini

Walinzi wa ikulu ya Monako hubadilishana zamu saa sita kasoro dakika tano mchana, na watalii huanza kusukumana uwanjani tangu saa tano ili wapate pa kusimama na simu zao. Alhamisi moja, ngoma ya walinzi ilipolia kule juu mwambani, bahari ilirudi mahali pake pa zamani.

Haikurudi kwa fujo. Miaka sita nyuma kampuni moja ilikuwa imeifukia ghuba kwa mawe na kujenga juu yake majumba ya vioo, yenye maegesho ya magari ghorofa nne kwenda chini. Maji yaliingia ghorofa ya nne, safi, na samaki wake, yakatulia usawa wa magoti. Baada ya dakika ishirini yaliondoka, sakafu ikabaki kavu. Kesho yake, ngoma ilipolia, yakaja tena. Magari yakahamishiwa ghorofa ya tatu.

Siku ya tatu msimamizi wa jengo, Bwana Lanteri, alimpigia simu Honorine Gastaldi, mwanamke wa miaka sabini na tisa.

"Mama, kuna kijana huku chini kakaa kwenye nafasi namba mia na kumi na mbili. Anasema ni kaka yako."

"Kalowa?"

"Chapachapa."

"Basi ni Baptistin."

Baptistin alizama kwenye ghuba ile akivuta wavu, akiwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuopolewa. Ghuba ikawa ndilo kaburi lake. Kila mwaka, siku aliyozama, Honorine alishuka ufukweni na barbajuani mbili za moto, mfano wa sambusa, zilizojazwa mboga na jibini, akaziachia majini. Kampuni ilipokuja na mawe yake alikwenda kuwaomba wasimfunike kaka yake. Walimpa kahawa, wakamwandikia barua yenye muhuri, kwamba wangemwachia ngazi ya kufikia maji. Ngazi ilichorwa vizuri sana kwenye ramani. Haikujengwa. Barua ameihifadhi kwenye kopo la biskuti.

Kesho yake alikaanga barbajuani, akateremka ngoma ilipolia. Bwana Lanteri alimzuia mlangoni kwa upole. Ghorofa ile ni ya wakazi wenye kadi, alieleza, au wageni wenye tiketi, maana bahari ilikwisha kuingizwa kwenye ziara ya mchana, baada ya samaki wa makumbusho ya bahari na kabla ya bustani ya mipungate.

"Kaka yangu yumo humo," Honorine alisema.

"Najua, mama. Ana adabu sana. Na yeye hana kadi, ila tumemvumilia."

Honorine akakata tiketi, akapanga foleni nyuma ya familia moja yenye kofia zinazofanana. Mwongozaji aliwaomba wageni wavue viatu, wasipige picha kwa taa, wala wasimguse marehemu.

Baptistin alikuwa ameketi majini, suruali kaikunja, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo. Alimtazama dada yake kwa muda.

"We Honorine, mbona umevaa sura ya bibi?"

"Imenijia yenyewe."

"Na hawa?"

"Wageni."

Alikula barbajuani zote mbili na kulalamika kwamba pilipili haitoshi, kama alivyolalamika siku zote. Kisha akainua macho. Juu yake kulikuwa na zege na mabomba.

"Mbona giza hivi? Si mchana huu?"

Honorine aliiwaza barua iliyo kwenye kopo.

"Mawingu, kaka."

Wiki ile aliiandikia kampuni, akiomba tundu moja tu, lisilozidi ukubwa wa mlango, litobolewe moja kwa moja hadi juu, ili kaka yake apate mwanga. Kampuni ilijibu kwa heshima. Juu ya nafasi ile kuna ukumbi wa marumaru, na jina la marehemu halimo katika orodha ya wenye nyumba. Ndani ya bahasha walimtilia kadi ya mgeni wa kudumu, yenye picha yake.

Sasa huenda kila siku. Watu wa foleni wamemzoea, humpisha mbele. Baptistin humuuliza jambo lilelile, naye humjibu lilelile.

Mwezi wa tatu kampuni ilianza kumwaga mawe kwenye ghuba ya pili, upande wa mashariki. Mngurumo ulifika hadi chini. Baptistin akaacha kutafuna, akasikiliza.

"Ngurumo hizo?"

"Ngurumo," Honorine alisema.

"Afadhali. Mvua ikinyesha, mawingu yatakwisha."

Honorine alitoa leso akamfuta maji usoni. Mwongozaji alitazama pembeni. Dakika ishirini zilikuwa zimetimia, na bahari ikamchukua.