Yai Lenye Doa

Yai la nne lilikuwa na doa la damu, dogo kama kichwa cha pini. Piera akalimwaga lote kutoka kwenye bilauri hadi ndoo ya nguruwe, akaifuta bilauri kwa kitambaa, akachukua la tano.

Wanawake wawili waliokuwa jikoni naye wakageuka.

"We mtoto!" Cesira, jirani aliyekuja kusaidia kukanda tambi za sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, aliacha unga mezani. "Yai zima? Vita hii yote, watu wanalamba maganda, wewe unamlisha nguruwe?"

"Lilikuwa na damu," Piera akasema, kana kwamba hilo linatosha.

Mama Delfina, mwenye nyumba, aliweka kisu ukingoni mwa meza kikaanguka.

Tangu msimu wa zabibu, alipoletwa huku vilimani Monferrato, kaskazini mwa Italia, na begi moja na jina jipya, Piera alikuwa amefundishwa kila kitu: jina la kijiji cha uongo alikozaliwa, Salamu Maria bila kukwama, goti la kupiga kanisani. Noemi lilikuwa jina la kusahauliwa, naye alilisahau kwa bidii. Kwamba yeye ni Myahudi alijua kama mtu anavyojua kuwa ana figo: ameambiwa. Kwao Turin hawakuwa watu wa ibada. Baba yake alikula soseji za nguruwe Jumamosi, siku ya Sabato, tena kwa furaha. Bibi yake tu ndiye aliyevunja mayai moja moja kwenye bilauri, akiyachungulia dirishani. Piera alimwiga tangu alipokuwa akipanda kigoda ili aifikie meza. Alidhani dunia nzima huvunja mayai hivyo, na waliomficha walikumbuka mambo yote isipokuwa mayai.

"Mimi nilitumika mjini Casale," Cesira akasema polepole, "kwa Bibi Ernesta, Myahudi, kabla sijaolewa. Doa kama hilo likinipita, nakula kofi la mkono."

"Shoga yangu," Delfina akadakia, "mtoto wa mjini huyo, ana kinyaa tu. Hata maziwa yenye utando hanywi."

"Sijakuuliza wewe."

Oreste, mwana wa Cesira, alivaa shati jeusi la kifashisti, na kazi yake ilikuwa kuwasaka Wayahudi waliojificha. Analolijua mama jioni, mwana alilijua asubuhi. Delfina aliomba kimoyomoyo mtoto afunge mdomo. Piera naye aliogopa. Lakini swali la kwa nini bibi yake alitupa yai lenye damu alikuwa nalo tangu alipokuwa mdogo, na hapa, akiwa na unga mpaka viwikoni, alikuwepo mtu wa kwanza mwenye jibu.

"Kwa nini walifanya hivyo?"

"Maria Mtakatifu," Delfina akanong'ona.

Cesira alimkodolea macho. Pengine ilikuwa miaka tangu mtu amuulize jambo analolijua.

"Damu ni uhai, Bibi Ernesta alisema. Uhai una mwenyewe, hauliwi. Hata nyama waliitia chumvi, wakaiosha mpaka ikawa nyeupe kama miguu ya padri."

"Hata ya kuku?"

"Hata ya kuku. Samaki hapana. Usiniulize kwa nini. Nilimuuliza, akaniambia nikaoshe vyombo."

Piera akacheka, akashindwa kujizuia. Kumbe bibi yake hakuwa kizee mwenye visirani! Alikuwa na sababu, tena nzuri, na hakuwahi kuisema. Mtoto alifurahi kama aliyeokota kitu chake mwenyewe njiani.

Mlango ukasukumwa. Oreste, bunduki begani, alikuja kumuaga mama yake kabla ya kwenda msakoni.

"Na huyu ni nani?"

Delfina alifungua mdomo, lakini Cesira alimtangulia.

"Mpwa wa Delfina," Cesira akasema bila kuinua kichwa. "Bwege. Nimempa mayai avunje, moja kampa nguruwe. Na wewe toa mabuti yako hapa, sakafu imepigwa deki."

Oreste akacheka. "Nguruwe wenu wana bahati." Akachukua kipande cha mkate, akambusu mama yake kichwani, akatoka.

Delfina alikaa kwenye kigoda, akalia bila kujificha. Piera alijua kwamba sasa ndipo pa kunyamaza. Alijua kabisa.

"Mama Cesira, Bibi Ernesta na watu wake, sasa wako wapi?"

Cesira aliutazama mlango aliotokea mwanawe.

"Unga unakauka," akasema.

Akaanza kukanda donge lililokwisha kukandwa, akakanda na kukanda. Nje pikipiki ya Oreste ikawaka, ikateremka bondeni kuelekea Casale.