Gongo la Babu Yake Reuben

Reuben Kotile alirudi Garsen na miwani ya jua, projekta, na machozi tayari. Alikuwa ametengeneza filamu kuhusu utoto wetu katika kijiji cha Hewani na jinsi alivyoupenda mpira wa magongo, na kabla Nairobi haijaiona alitaka sisi wa nyumbani tuione kwanza. Mcheza kwao hutunzwa, akasema. Tukajaa ukumbini kumtunza, maana kiingilio kilikuwa bure na soda zilikuwepo.

Hamdia alifunga kibanda chake cha maziwa mchana huo, jambo asilolifanya hata kwa harusi. Alikuja na bintiye Anisa, wa kidato cha pili, akamkalisha kati yetu. Miaka yote amemsimulia Anisa jinsi alivyofunga bao la pekee siku tulipowashinda wageni wa Madogo, na miaka yote Anisa hajaamini hata neno. Muuza maziwa, buibui hadi visigino, kufunga bao la hoki? Juzi alicheka mbele ya shangazi zake, akasema kila mama ana uongo wake. Hamdia akanivuta kando. Aliniambia mimi tu, "Christabel, wacha aone kwa macho yake."

Mimi nilikuwapo siku ile. Nilikuwa kipa, miguu imefungwa magunia. Uwanja ulikuwa shamba la mpunga lililokauka, na mpira ulikuwa tunda la mkoma. Gongo kila mtu alijitafutia. Hamdia alileta hangool, ile fimbo ya Wasomali yenye ndoano ya kuvutia matawi ya miiba wakijenga boma.

Filamu ikaanza. Reuben wa utotoni alikuwa mvulana mnene mwenye viatu vyeupe, akikimbia alfajiri kando ya mto katikati ya mamba. Reuben ninayemjua mimi alikuwa akiwakimbia hata kenge. Uwanja ulikuwa na nyasi za kijani zilizokatwa sawasawa, hata mzee mmoja akauliza ng'ombe wa huko walikufa na nini. Mimi mwenyewe nilifariki mapema, nikachukuliwa na mafuriko. Mama yangu, aliyeketi kando yangu, alinishika mkono kuhakikisha.

Kisha ikaja mechi ya Madogo. Reuben mdogo akawapita watu saba polepole, mvua ikimnyeshea yeye peke yake, akafunga. Pembeni ya uwanja msichana wa Kisomali alimpigia makofi. Jina lake Hamdia. Hiyo ndiyo sehemu yote aliyopewa.

Hamdia alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja ncha ya mtandio. Anisa hakucheka safari hii. Alimpapasa mamake goti kama mtu anayemfariji mgonjwa, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Nilimchukia Reuben kwa moyo wangu wote.

Lakini mwongo hajui kunyamaza. Mwishoni picha ikalisogelea gongo lenyewe, lile la kweli, ikaganda hapo huku vinanda vikilia: ndoano kichwani, mti uliong'aa kwa kushikwa, na karibu na mshiko alama iliyochomwa kwa moto, duara lenye mkia. Sauti ya Reuben ikasema babu yake ndiye aliyemchongea.

Wafugaji waliokaa nyuma wakaanza kunong'ona. Mkono wa Anisa ukatulia juu ya goti.

Mapazia yalipofunguliwa, Reuben alisimama na gongo mkononi, akafuta macho, akakaribisha maswali. Anisa akainua mkono, akauliza kwa adabu, "Mjomba, hiyo alama ni ya nini?"

"Hiyo, binti yangu, ni ishara ya mto wetu," Reuben akasema. "Babu aliichoma ili nisisahau nilikotoka."

"Kwa hivyo ng'ombe wetu wote ni wa babu yako?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kila familia ya wafugaji ina chapa yake, na ile ilikuwa ya Abdullahi, babake Hamdia. Alimchomea bintiye fimbo kama alivyowachomea ndama, isipotee. Ukame ulipowahamisha, Hamdia alimwachia Reuben amtunzie. Akatunza kweli, mpaka ikawa yake. Hata sisi wakulima tunazijua chapa, maana ndizo hutuambia ni ng'ombe wa nani waliokula mahindi yetu. Reuben hajawahi kulima.

Njia ya mwongo ni fupi. Reuben alimwomba mpiga picha wake azime kamera. Anisa alipanda jukwaani, akalichukua gongo bila kuomba ruhusa, akamletea mamake.

Hamdia alilishika, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, akainama kidogo bila kujijua, na buibui lake. Kisha akaona haya, akasimama wima.

Tukirudi kibandani, Anisa alilibeba gongo begani. Akamuuliza mamake mpira uliingia upande gani.

"Kushoto kwa kipa. Si nimekuambia mara nyingi?"

"Sikuwa nasikiliza, hooyo. Niambie tena."