Mkwe Nyuma ya Goli

Wewe unayesoma, weka kikombe chini nikutegee kitendawili. Nyumba yangu haina ukuta wala paa, ina mlango peke yake. Mgeni akiingia, mwenye nyumba hulia na majirani hucheka. Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Usinipe Unguja, nimekwisha kupewa mara nyingi. Nipe Buguruni, ile ya wakati wa Mwingereza, yenye mikorosho na njia za mchanga. Haya, nimekwenda Buguruni, nimekula bagia za mama yangu, nimeshiba. Jawabu ni goli.

Na goli la siku zile lilikuwa mlango kweli, maana halikuwa na wavu. Miti miwili ya mikoko imechimbiwa ardhini, wa tatu umelazwa juu na kufungwa kwa kamba ya kumbi. Mpira ukipita ulikwenda zake mpaka uzuiwe na ua wa mtu au mbuzi. Kama ulipita ndani ya miti au kando yake, hilo lilikuwa shauri la refa na macho yake.

Siku ya fainali ya kombe la vitongoji, Buguruni kwa Temeke, mie na mama tulikaa nyuma ya goli la kwetu, tunauza bagia. Mama akiitwa Bi Siwema, mjane, Mzaramo wa Buguruni tangu enzi za babu yake, mwenye ulimi mkali hata walevi walimwomba bagia kwa adabu. Mie ndiye Mwanabaraka, mwanawe wa pekee. Na pale mbele yetu, katikati ya miti miwili, ametupa mgongo, alisimama golikipa wetu Jamali, mchumba wangu.

Jamali alitoka kusini, upande wa Lindi. Kijana mrefu, kimya, ana viganja kama makafi ya mtumbwi. Kampuni moja ya bandarini ilimwandika kazi kwa ajili ya viganja hivyo, wala si kwa kubeba magunia. Ndivyo walivyofanyiwa wachezaji wazuri wa mji huu: ukicheza una kazi, usipocheza rudi kwenu ukalime. Posa yake ilikuwa imekwisha kupokewa, na harusi imepangwa Mfungo Tatu. Kilichobaki ni mkaja, zile khanga apewazo mama wa bibi harusi kwa ajili ya tumbo lililomzaa mwanawe. Na sisi kwetu, mkaja usipotoka, mkwe na mkwewe hawatazamani. Kijana akimwona mama njiani hupinda. Wakikutana uso kwa uso, kijana hujifunika na kuchuchumaa mpaka mama apite. Hampazii sauti. Likiwepo neno, hupitia kwa mtu wa tatu.

Basi tunaongoza moja bila, jua linakwenda chini, watu wamebanana mpaka mistari ya uwanja haionekani. Temeke wakaunyakua mpira katikati wakaja nao mbio. Fransis, nahodha wao, seremala mwenye mguu wa kushoto ambao mama zetu walitutishia nao, akawapita wawili, akamruka wa tatu. Nami wakati huo huo moto wa karai ukataka kuzimika. Nikainama nikapuliza, moshi ukaniingia machoni. Nikasikia puu. Nikasikia watu elfu wanavuta pumzi. Kisha bagia zikaruka juu kama kuku waliofukuzwa, mpira umetua kwenye sinia letu, lililokuwa mkabala na mti wa kushoto.

Jamali aligeuka kuukimbilia. Alipoinua macho, mbele yake alikuwa mama, amesimama na upawa mkononi. Kijana wa watu akachuchumaa hapo hapo, akavuta jezi mpaka juu ya uso.

Refa wetu alikuwa Bwana Revelian, karani, Mhaya, mgeni wa pwani, mtu safi mwenye kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikasimama. Alikuwa ameachwa mbali na zile mbio. Alichoona ni golikipa kachutama, kajifunika uso. Akapuliza kipenga, akaonyesha katikati.

Kapteni wetu Mfaume akamfikia kabla kipenga hakijatoka mdomoni. "Bwana refa, unapuliza nini?"

"Goli. Golikipa mwenyewe anaona aibu, hamwoni?"

"Ile si aibu ya goli, bwana wangu. Aibu ya mkwe ile. Yule mama mwenye upawa ndiye mzaa mchumba wake."

"Mkwe amefuata nini uwanjani?"

"Amefuata riziki. Mwulize huyo kijana mwenyewe."

Revelian akasogea. "Golikipa, mpira umepita ndani au nje?"

Jamali kimya. Akaulizwa tena, kimya, jezi usoni.

Sasa sikiliza kilichowaponza Temeke. Mzee mmoja wa kwao, Mzaramo mwenzetu, akapaza sauti kutoka kwenye umati: "Bwana refa, mwache kijana. Hapo hasemi hata umchome moto. Kwani huko kwenu hamna wakwe?" Watu wa Temeke wenyewe wakacheka, na kwa adabu wakageuza nyuso upande mwingine, ili Jamali apate kuondoka mbele ya mkwewe asionekane. Mji mzima ukaangalia mikorosho. Walipokuja kugeuka, Mfaume amekwisha kuuweka mpira chini, na Bwana Revelian, akiona kweli ni mambo ya wakwe, amekwisha kubadili: si goli, mpira umetoka. Fransis alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Haikusaidia. Mechi ikaisha, kombe likapita Buguruni juu ya vichwa vya watu, ngoma mbele.

Jumatatu Temeke wakapeleka malalamiko kwenye kamati. Sheria ilikuwa inajulikana hata na watoto: timu iliyomdanganya refa inanyang'anywa kombe, na mchezaji aliyedanganya anafungiwa msimu mzima, asiguse mpira popote. Jamali akifungiwa, kazi ya bandarini imekwenda. Kazi ikienda, atanioa na nini?

Nilimkuta bombani asubuhi yake. Nikatua ndoo karibu yake kama mtu asiyemjua.

"Ulipita wapi?" nikamwuliza.

"Nini?"

"Mpira, Jamali. Ndani au nje?"

Akatazama ndoo yangu. "Maji yako yanamwagika, Mwanabaraka."

Akaenda zake. Nikabaki na ndoo inayofurika.

Nyumbani nikamgeukia mama. "Mama, wewe ulikuwa umekaa mkabala. Uliona?"

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona." Anachambua kunde, hanitazami. Mwishowe akasema, "Mwanangu, mlafi nitampikia. Mvivu nitamwamsha. Muongo nitamfanya nini? Akisimama mbele ya watu akasema lisilokuwa, posa yao inarudi jua halijazama."

"Na akisema lililo, kazi ikaenda?"

"Kazi hutafutwa," akasema mama. "Lete ungo."

Jamali hakuyajua maneno yale, wala sikuwa na ruhusa ya kumpelekea. Na mie mwenyewe sikujua mpira ulipita wapi.

Mfaume naye alikuwa na hesabu zake. Alikuja kwetu, akakaa kibarazani, akala bagia bila kualikwa.

"Shikamoo mama. Kamati itasikiliza shauri Jumapili, nami nimekutaja wewe kuwa shahidi wetu."

"Marahaba. Shahidi wa nini?"

"Wa kukaa tu, mama. Wewe ukiwamo mle ndani, Jamali hawezi kufungua mdomo, ni mwiko. Na wewe huwezi kumsemea vibaya mkweo, ni mwiko. Kamati itaambulia nini? Hakuna aliyesema uongo, na kombe letu. Kunyamaza si kudanganya."

Mama akamsogezea kikombe cha chai. "Una akili, Mfaume."

"Nimesoma, mama."

"Ndiyo. Inaonekana."

Jumapili shauri likasikilizwa darasani, shuleni, maana hapakuwa na chumba kingine cha kutosha. Hata hivyo watu walijaa mpaka madirishani. Mie nilishika nondo za dirisha. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Leonardi, mtu wa bara, mpole, mwenye kengele ya shule mezani. Temeke upande huu, Buguruni upande ule. Mlangoni alisimama nyapara wa ile kampuni ya bandarini, amekuja kuona kama mtu wake bado ni mtu wake. Jamali aliketi mwisho kabisa, kaukabili ukuta, kofia imeshuka mpaka puani, kwa sababu mama alikuwa ameketi dawati la mbele.

Bwana Revelian akasimama kwanza. Akasema kwa unyofu kwamba hakuona, kwamba aliangalia uso wa golikipa na uso ukafunikwa, na kwamba tangu siku ile amekuwa akiulizia habari za wakwe wa pwani na kila mtu anamweleza zaidi ya alivyouliza. Watu wakacheka.

"Jamali," akasema Mwalimu Leonardi. "Mpira ulipita ndani au nje?"

Ukuta ukajibu zaidi yake.

"Golikipa hodari huyu," akasema Fransis. "Hadaki mipira tu, na maneno anadaka."

"Mwalimu, mwambie seremala huyo apige randa ulimi," akadakia mmoja wetu, "mbele ya mkwewe aseme vipi?"

"Basi mtoeni huyo mkwe nje," akasema Fransis.

"Ni shahidi," akasema Mfaume, ametulia kama paka aliyeshiba. "Hatolewi shahidi."

Leonardi akamgeukia mama. "Bi Siwema, wewe ulikuwa nyuma ya goli. Sema ulichokiona."

Mama akasimama, akatengeneza khanga yake. "Mwalimu, mie kumsemea mkwe wangu mbele za watu ni kumvua nguo. Sitamvua."

Mfaume akatazama darini akitabasamu. Leonardi akashusha pumzi, akanyoosha mkono kwenye kengele. Ikigongwa, shauri limekwisha, kombe limebaki Buguruni, kazi imebaki bandarini, na harusi yangu ipo. Nilitaka igongwe. Na wakati ule ule, sijui kwa nini, nilitaka isigongwe.

"Sijakaa bado, mwalimu," akasema mama.

Mkono ukasita juu ya kengele.

Mama akaliinamia dawati, akaligonga kwa kidole. "Ewe dawati, wewe umesikia masomo mengi, nisaidie kufikisha salamu. Mwambie kijana aliyeukabili ukuta kwamba mkwe wake anamshukuru kwa adabu. Tangu aje kwetu hajanitazama, hajanipazia sauti. Lakini mwulize, dawati: adabu ile aliivaa kwa ajili yangu, au aliivaa kujifichia?"

Kofia pale ukutani ikasogea kidogo.

"Hajajibu," akasema mama. "Naye ana haki, mkaja haujatoka."

Kisha akafanya jambo ambalo Buguruni haikupata kuliona. Akavua khanga yake ya ushungi, akabaki na nywele zake za mvi wazi mbele ya wanaume wote wale, akatembea katikati ya madawati mpaka ukutani, akaitandaza ile khanga kwenye mabega ya Jamali.

"Huo mkaja," akasema. "Nimeutoa mwenyewe kwa niaba yako, nimejipokelea, nimekurudishia uvae. Nyie watu wa kusini na sie wa hapa, mashahidi ni hawa wote. Umetoka."

"Mama, hiyo haiwezekani," akasema Mfaume, amesimama. "Mkaja hautolewi na mpokeaji."

"Imeandikwa wapi, msomi?"

Wazee wa Temeke na wazee wa Buguruni wakatazamana. Yule mzee aliyemtetea Jamali siku ya mechi akakuna kidevu, akasema, "Sijapata kuliona. Lakini khanga imetoka, na mama ni mwenyewe. Mie naona umetoka." Mwingine akaitikia, "Umetoka." Wakaitikia na wengine, pande zote mbili, kwa mara ya kwanza Buguruni na Temeke kauli moja.

"Umesikia," akasema mama. "Baina yetu hakuna tena pazia. Geuka."

Jamali akainuka taratibu, khanga mabegani, akavua kofia, akageuka. Nilikuwa sijawaona wale wawili wakitazamana. Yeye mrefu, mama mfupi, ilimbidi ainamishe kichwa, na jasho likamdondoka puani. Akamtazama Mfaume, Mfaume anatikisa kichwa, midomo inasema bila sauti, nje, nje. Akamtazama nyapara mlangoni, amekunja mikono. Akatazama dirishani akaniona. Nilitaka nimpe ishara, na sikuwa na ya kumpa, maana nilichokuwa nacho ni nondo tu mikononi.

"Usimtazame yeye," akasema mama. "Nitazame mie. Jamali mwanangu, ule mpira, ulipita ndani au nje?"

Mkono wake mmoja, ule mkubwa wa kudakia, ukashika ncha ya khanga.

"Ndani, mama," akasema. "Ulipita ndani."