Waliomfuata Bwana Ignas

Asubuhi, kabla ofisi hazijafunguliwa, Bwana Ignas aliegesha Landrova mbele ya jengo la shirika la mbegu za pamba mjini Shinyanga, akateremka, akaingiza mkono dirishani kuvuta breki ambayo alikuwa ameisahau, kisha akaenda kunywa chai. Baada ya muda kidogo wakafika waliokuwa wakimfuata. Alitangulia jogoo mwekundu, wakaja mbuzi, akaja mbwa asiye na mwenyewe, na nyuma yao punda wa Kishapu aliyekuwa bado na magunia mgongoni. Wakajilaza kwenye kivuli cha ukuta, wakangoja safari.

Wote walikuwa wamekufa. Mbuzi walikwisha kuliwa siku nyingi na ngozi zao zilikwisha kuuzwa mnadani, lakini hilo halikuwazuia kulifuata gari lililowagonga. Mtunza bustani wa ofisi hakuwa na neno nao. Mbuzi aliyekufa hali maua.

Bwana Ignas hakuwa mtu mbaya. Alipenda kusimulia, na aliposimulia alipenda kumtazama usoni anayesimuliwa, hata kama huyo alikaa kiti cha nyuma. Dereva wa shirika alikuwa ameomba kuhamishiwa stoo, na tangu hapo Bwana Ignas aliendesha mwenyewe, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye hoja. Vijijini alikopita, watu waliona ule msururu nyuma yake wakasema huyu ni kiongozi anayependwa hata na mifugo.

Miaka ile ya sabini watu wa Shinyanga waliyajua magari kama wanavyozijua koo. Bedfodi ya pamba ilijulikana kwa ulevi, hata siku ambazo dereva wake alikuwa amefunga Ramadhani. Foksi ilikuwa ya mapadri na manesi; ukigongwa na Foksi, umeteleza mwenyewe. Landrova ilibeba maendeleo, kwa hiyo haikuwa na nafasi ya kumgonga mtu. Pijo ilikuwa ya walanguzi wa almasi wa Maganzo. Mwenye Pijo ama anakimbia kitu, ama anakikimbilia, na hapo katikati lazima afe mtu.

Hatibu alikuwa na Pijo.

Alikaa Ngokolo na mkewe Chiku, ambaye majirani walimwita Mama Zamoyoni. Kwa miaka mingi Hatibu aliendesha lori la Fazal, mfanyabiashara wa pamba, na Fazal alipohamia Mwanza na jamaa zake alimwachia ile Pijo kuwa ni ahsante. Hatibu hakuwahi kuishika almasi. Alichukua wagonjwa na maharusi kati ya Maganzo na mjini, na aliendesha polepole hivi kwamba maharusi wake waliwahi kufika wageni wakiwa wamekwisha kunawa baada ya kula. Aliwapigia honi kanga wa porini. Alipokuta ng'ombe barabarani alizima injini, akasalimiana na wachungaji mpaka ng'ombe wa mwisho avuke. Nyuma ya gari lake hapakufuata kitu isipokuwa vumbi kidogo, na watu walisema hiyo ndiyo dalili yenyewe: mtu wa Pijo ni mjanja, hata wafu wake anawaficha.

Asubuhi moja ya kiangazi Hatibu alikuwa anamleta Bibi Mwahija kutoka Maganzo kwenda hospitali kutazamwa macho. Walipokaribia Ibadakuli waliona mbele yao Maganga, muuza maziwa, akikanyaga baiskeli iliyofungwa madumu pande mbili. Hatibu akapunguza mwendo. Maganga akainua mkono kushukuru.

Ndipo Landrova ilipotokea nyuma, ikaipita Pijo, ikamgonga Maganga. Bwana Ignas alikuwa amegeuka akimweleza abiria wake faida ya kupanda pamba kwa mstari. Alisikia kishindo.

"Barabara hii nayo," alisema, "mashimo matupu." Akaendelea na mistari ya pamba.

Hatibu alisimamisha gari, akavua shati, akaliweka chini ya kichwa cha Maganga.

"Maziwa yamemwagika?" Maganga aliuliza.

"Kidogo tu, ndugu yangu. Tulia."

Maganga akatulia, akafa. Kisha akaamka, akauacha mwili wake juu ya shati la Hatibu, akainyanyua baiskeli yenye gurudumu lililopinda. "Wabeja, Baba Zamoyoni," alisema, maana ndivyo Wasukuma wanavyoshukuru. Akaanza kuikokota baiskeli kulifuata vumbi la Landrova, nyuma ya punda.

Koplo Fikirini alifika kwa miguu kutoka kituo cha karibu. Alimkuta Hatibu kifua wazi, mikono ina damu.

"Nani amemgonga huyu?"

"Landrova, afande. Imepita sasa hivi. Na marehemu mwenyewe yule pale, anaifuata."

Koplo akatazama alikoonyeshwa. Alimwona Maganga anatokomea kwenye kona, akampungia mkono, kwani walifahamiana. Kisha akarudi kulizunguka gari lililokuwa limesimama.

"Na hili ni gari gani?"

"Hili? Pijo."

"Basi," alisema Koplo, akatoa pingu.

"Afande, mimi ndiye niliyesimama!"

"Ndiyo. Asiye na kosa angesimama kufanya nini?"

Mwili wa Maganga ulizikwa kesho yake hapo Ibadakuli. Mwenyewe hakuhudhuria, maana siku hiyo Landrova ilikuwa na safari ya Kishapu.

Paskalina, mke wa Maganga, alipomaliza siku za matanga alianza kwenda pale kwenye ukuta wa shirika, amebeba uji kwenye kibuyu. Mumewe hakuunywa, lakini alifurahi kuushika ungali moto. Hapo ndipo Chiku alipowakuta. Chiku alikuwa ametoka kumpelekea Hatibu chakula mahabusu, na hakuwa amelala tangu mumewe akamatwe.

"Pole, dada," alimwambia Paskalina.

"Tumepoa. Na wewe pole."

Chiku akachuchumaa mbele ya marehemu. "Kaka Maganga, si unajua nani aliyekugonga?"

"Najua, Mama Zamoyoni. Si ndiye huyu ninayemfuata?"

"Basi nisaidie. Kaa nyumbani siku moja tu. Ukae mlangoni kwako watu wakuone, uwaambie. Ukiwa huku nyuma yake kila siku, wanasema unampenda."

Maganga aliutua uji chini. Alikuwa mtu wa haki alipokuwa hai, na kufa hakukumbadilisha. Alisimama, akajielekeza Ibadakuli, akajaribu. Jasho likamtoka kama mtu anayesukuma mkokoteni uliozama kwenye tope. Hakusogea. Kisha Bwana Ignas akatoka ofisini, akapiga stati, na miguu ya Maganga ikageuka yenyewe.

"Miguu si yangu tena," alisema akiondoka. "Nisamehe, Mama Zamoyoni."

Paskalina akaokota kibuyu. Wanawake wale wawili wakarudi pamoja mpaka sokoni, na walipoagana Chiku alilia, akishikilia ukingo wa kanga ya mwenzake.

Kesi ilisikilizwa mapema mwaka uliofuata. Bibi Mwahija alieleza aliyoyaona, kwa utaratibu, bila kuruka kitu. Mwendesha mashtaka akamuuliza siku ile alikuwa anakwenda wapi.

"Hospitali, baba."

"Kutibiwa nini?"

"Macho."

Mwendesha mashtaka akaketi.

Hatibu aliomba mahakama itoke nje ikaone bampa ya Landrova, iliyopinda, kisha ione ya Pijo, iliyonyooka. Akajibiwa kwamba Landrova hufanya kazi kwenye njia ngumu za wananchi, ingekuwa ajabu kama isingepinda. Ama Pijo, kunyooka kwake kulionyesha jinsi wenye Pijo wanavyowahi gereji.

Bwana Ignas aliitwa, akatoa ushahidi kwa moyo mkunjufu. Alisema alisikia shimo. Alipoulizwa kama hakumwona marehemu, alisema anamwona kila siku, ni mtu mwema, ana subira.

Maganga mwenyewe alikuwa nje, dirishani, na baiskeli yake. Alimwambia karani kwamba ana la kusema. Karani alipeleka habari mbele, na Mheshimiwa Hakimu, mtu aliyezingatia sana sheria, alilifikiria jambo hilo wakati wote wa mapumziko ya chakula. Aliporudi alisema kwamba shahidi aliyekufa hawezi kuadhibiwa akisema uongo, kwa hiyo hawezi kuaminiwa akisema kweli.

"Tena," aliendelea, "mahakama imejionea kwa macho yake kwamba marehemu humfuata Bwana Ignas popote aendapo, wala hafungwi kamba. Mtu hamfuati aliyemuua. Mshtakiwa, nyuma ya gari lako anafuata nani?"

"Hakuna, mheshimiwa."

"Hata mmoja?"

"Hata kuku."

"Mahakama inasikitika kwa upweke wako," alisema Hakimu, akamfunga kwa kuendesha kizembe na kusababisha kifo. Leseni nayo ikachukuliwa. Chiku alipiga kelele mara moja, kisha akajiziba mdomo kwa kanga. Kule dirishani Maganga alivua kofia.

Hatibu alitumikia kifungo chake akilima mahindi ya gereza. Chiku alikaanga maandazi, na Paskalina, ambaye sasa hakuwa na mume wa kumuuzia maziwa, alimletea yeye ya kukandia unga. Siku za kutembelea wafungwa walikwenda wote wawili. Mara ya kwanza Hatibu alimwona mjane amesimama nyuma ya mkewe, akashindwa kumtazama.

"Shemeji, inua uso," Paskalina alimwambia. "Ameniambia mwenyewe. Ameniambia na habari za shati."

Hatibu akainua uso, akalia, na askari magereza akageukia upande mwingine kwa adabu.

Alipotoka, Pijo ilikuwa bado imesimama kituoni kwa Koplo Fikirini. Kuku walikuwa wanataga kwenye viti. Hakuidai. Alitengeneza mkokoteni akawa anauza maji mitaa ya Ngokolo, akiusukuma kwa mwendo uleule aliokuwa akiendeshea gari. Watu walimwona kwa mbali wakarukia mitaroni. "Kaeni pembeni," waliambiana, "yule ni mtu wa Pijo."

Wakati huo ndipo mgeni mmoja mkubwa alipokuja kukagua shirika. Alisimama barazani akaitazama Landrova ikiingia, na nyuma yake ule msururu wote umejaa vumbi, hauna haraka, haulalamiki. Akauliza ni nani yule anayefuatwa na umma namna ile. Akaambiwa. Haukupita muda Bwana Ignas akapandishwa cheo na kuhamishiwa upande wa Geita, akasimamie eneo zima.

Siku ya kuondoka alipitia barabara ya Tinde. Hatibu alikuwa kando na mkokoteni wake. Landrova ikasimama, gurudumu moja juu ya ukingo wa mtaro.

"Hatibu! Kumbe umeshatoka? Hongera sana, bwana."

"Ahsante, mzee."

"Sasa na wewe, ndugu yangu, siku nyingine uwe unatazama mbele." Alisema hivyo kwa upole wa kweli, akimtazama Hatibu usoni, huku gari likianza kuondoka.

Hatibu aliushika mpini wa mkokoteni mpaka mishipa ya mikono ikamsimama. Wakapita mbuzi. Akapita punda. Maganga alikuwa wa mwisho, na ubavuni kwake alikuwa Paskalina, aliyemkunjia sweta juu ya tandiko la baiskeli kwa sababu alisikia kwamba Geita kuna mvua nyingi.

"Baba Zamoyoni," alisema Maganga, "umekonda."

"Na wewe umezeeka."

"Ni vumbi hili."

Wakatembea pamoja kidogo, mmoja akisukuma maji, mwingine akikokota baiskeli. Hatibu alikuwa amejiandalia maneno mengi gerezani. Usiku mwingine aliyasema yote kwa sauti, mpaka wenzake wakamwomba anyamaze. Sasa aliyatafuta, akapata moja tu.

"Kwa nini hukufa papo hapo ukatulia kama watu wengine?"

"Nilitaka kutulia," Maganga alijibu. "Nawe ulinipa shati zuri." Akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Mtazame mama huyu, akipungukiwa. Huko ninakokwenda sijui kama kuna likizo."

"Sisi na yeye tunakula chungu kimoja," alisema Hatibu.

Maganga akampa mkono. Ulikuwa wa baridi na una sugu za usukani wa baiskeli. Paskalina alimsindikiza mpaka Tinde, akarudi jioni kwa lori, akaenda moja kwa moja kwa Chiku kusaidia kukanda unga wa kesho.

Msururu ulipita Kahama bila tukio, isipokuwa bata. Masumbwe waliupokea kwa ngoma, kwani habari zilikuwa zimetangulia kwamba anakuja mtu mwenye wafuasi. Bwana Ignas alifurahi sana, akawapungia wananchi mikono yote miwili. Mwanamke mmoja aitwaye Tabu alikuwa anavuka barabara na kapu la mihogo.

Ngoma hazikunyamaza mara moja. Tabu aliamka, akafunga kanga vizuri, akatazama mihogo iliyotawanyika, kisha akaenda kusimama nyuma ya msururu. Maganga akasogeza baiskeli kumpa nafasi.

Askari wa Masumbwe alikuja mbio. Alipita mbele ya Landrova, akaiona bampa ilivyolowa, akapiga saluti. Akamfunika Tabu aliyelala chini, akampa pole Tabu aliyesimama, kisha akawageukia watu.

"Pijo iko wapi?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akasema kwa unyenyekevu kwamba tangu azaliwe haijawahi kufika Pijo Masumbwe. Labda Runzewe, kwenye mji wa biashara, huko huenda zikapatikana.

Askari hakuwa na usafiri. Bwana Ignas, ambaye njia yake ilikuwa hiyohiyo, alimfungulia mlango, akamsogezea mizigo akae vizuri, na wakaondoka pamoja kwenda kuitafuta.