Pumzi ya Hezekiah

Mimi sipendi kudanganywa, na mume wangu Makhanu analijua hilo. Ndiyo maana asubuhi ile tulipotoka Malava kwenda kliniki ya kifua mjini Kakamega, nikamwona shemeji yangu Hezekiah anatufuata na koti la Jumapili siku ya Jumatano, niliuliza mara moja anakwenda wapi. Makhanu akajibu kwamba ndugu yake anamsindikiza tu. Sikuridhika.

Makhanu hufanya kazi kwenye machimbo ya kokoto. Yeye ndiye anayelisha mawe kwenye mashine ya kusaga, na jioni hurudi mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Ni mtu mrefu, kila mlango humlazimu ainame, na siku hizi kutoka kisimani hadi nyumbani lazima asimame njiani kutafuta pumzi. Nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. Nilitaka apimwe, atoke kwenye vumbi lile kabla halijammaliza. Yeye alichotaka ni kubaki, na kule kazini ulienea uvumi kwamba atakayeshindwa kupuliza mashine ya daktari atafukuzwa. Nikimwambia kipimo si mtihani wa shule, ananijibu kwamba mambo ya wanaume siyajui.

Sasa, kwetu ndugu akikwama, ndugu yake humsimamia. Hezekiah amemwakilisha Makhanu kwenye mikutano ya wazazi shuleni, kwenye harambee, na hata siku ya kupeleka ng'ombe kwa wazazi wangu, Makhanu alipokuwa kitandani na malaria. Nililipiwa mahari na mtu mfupi nikaolewa na mrefu, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa hiyo jina la Makhanu lilipoitwa pale kliniki, na Hezekiah akasimama akaitika, nilipaswa kuwa nimezoea. Nikafungua mdomo. Makhanu akanikanyaga mguu.

Wenzake wa machimboni walikuwa wamejaa kwenye benchi, wote wanaijua siri, wote wanajitia kusoma mabango ukutani. Nikaamua kwamba mume wangu sitamwaibisha mbele za watu, nitamngoja nyumbani.

Hezekiah alichaguliwa kwa sababu hupuliza tarumbeta kubwa kuliko zote kwenye bendi ya kanisa. Mlango ulikuwa wazi, tukaona yote. Mpimaji, dada mmoja anayeitwa Jepkemboi, alimbana pua kwa kibanio, akampa mrija, akamwambia avute hewa hadi mwisho kisha aitoe yote kwa nguvu bila kukata. Hezekiah akaanza kwa kufurisha mashavu kama anavyofanya kanisani, akakatazwa. Akajaribu tena huku akipiga mguu chini kwa mdundo wa wimbo, akakatazwa tena. Hatimaye akapuliza inavyotakiwa, Jepkemboi akimhimiza "toa, toa, bado toa", na benchi zima likaitikia "toa" kama linashangilia fahali. Alitoka amevimba kichwa, na wanaume wakampa mikono.

Muda si mrefu Jepkemboi akatoka na uso uliobadilika. Akamwita Hezekiah kando, ila kando yenyewe ilikuwa mbele ya magoti yangu. Akamweleza kwa upole kwamba pumzi yake imepungua karibu theluthi, kwamba huenda ni vumbi la mawe, nalo likishaingia halitoki. Atapigwa picha ya kifua kuhakikisha, na kuanzia leo asikaribie mashine.

Hezekiah huuza viatu vya mitumba. Jiwe la mwisho alilolishika alimrushia mbwa. Lakini palepale akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuja nacho. Akauliza amebakisha muda gani. Akanigeukia akaniomba nimwambie mkewe kwamba yule jogoo mwekundu asiuzwe, achinjwe siku ya matanga. Makhanu alikuwa anatazama dari. Mwishowe woga ukamshinda Hezekiah.

"Madam, mimi hata sijawahi fanya kazi kwa kokoto," akasema. "Hiyo vumbi imeniingia wapi?"

Jepkemboi akarudi kuitazama mashine, kisha akamtazama Hezekiah toka juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu. Wiki iliyotangulia wenzake wa kliniki walikwenda machimboni kuwapima watu urefu, kwa sababu pumzi ya mtu hulinganishwa na ya watu wazima wa kimo na umri wake. Mashine ilikuwa imewekewa kimo cha Makhanu, ikimsubiri mtu anayeinama milangoni. Shemeji yangu alikuwa ametoa hewa yake yote, na bado ilikuwa haba kwa mwili ule. Hakuwa mgonjwa, alikuwa mfupi. Jepkemboi akacheka hadi akaegemea ukuta, nami nikacheka, ingawa nilikuwa nimeapa kununa mpaka Jumapili.

Kisha akafuta macho, akauliza Makhanu mwenyewe yuko wapi.

Mume wangu akasimama, akaingia, akakaa. Akavuta hewa, akapuliza. Safari hii benchi halikuitikia. Pumzi ilimkatikia njiani, akakohoa hadi machozi, akajaribu tena, akakohoa tena. Jepkemboi alimpa maji akamngoja bila haraka. Kipimo kilipopatikana, yule mrefu alikuwa ametoa hewa kidogo kuliko mfupi. Hasira zangu zote ziliniishia. Niliogopa sana.

Jepkemboi akarudia maneno yale yale, akaongeza kwamba mwenye machimbo ameahidi hatafukuza mtu. Mgonjwa atahamishiwa getini. Makhanu akakataa. Akasema mashine ile haimjui mtu mwingine, geti ni kazi ya wazee, atafunga kitambaa puani, na vumbi halimpati anayekunywa maziwa. Alikuwa na maneno mengi kwa mtu asiye na pumzi.

Hezekiah, ambaye kikohozi chake kilikuwa kimepona chenyewe, akamshika bega.

"Wewe kaa kwa geti, ndugu yangu," akasema. "Hiyo mashine nitakushikilia mimi."

Alisema kwa moyo mweupe, kama mtu anayejitolea kwenda mkutano wa wazazi. Makhanu akamgeukia haraka.

"Hapana. Wewe huko usiingie. Hiyo vumbi inauanga watu."

Akayasikia aliyoyasema mwenyewe. Akaweka mikono juu ya magoti, halafu akamuuliza Jepkemboi picha ya kifua inapigwa chumba gani.