Kimondo Kilichotoka Chini

Mimi ni fundi wa mabati. Niliitwa kwenye kiwanda kinachofua mashuka ya hospitali na hoteli, kuziba tundu juu ya chumba cha boila. Mke wangu hupiga pasi hapo, chumba cha pili, ukuta mmoja na boila. Kaka yake, shemeji yangu, ndiye fundi boila. Wiki ile alikuwa wodini, mvuke umembabua shingo na mkono.

Meneja alinipokea getini akitabasamu kama aliyepata mtoto wa kwanza.

"Fundi, umekuja kuziba historia. Hapa kilianguka kimondo!"

Akanionyesha. Ndani ya bakuli la kioo, juu ya shuka jeupe, lilikaa jiwe jeusi lenye vitundu vitundu. Mawe kama lile nimemwona shemeji akiyatoa kwa koleo kwenye tanuri la boila, makaa yakishaungua. Mtu anaweza kukosea jiwe.

"Na vali ya usalama je?" niliuliza. Hiyo ndiyo hufunguka yenyewe mvuke ukizidi. Shemeji alikuwa ameniambia kwamba meneja aliagiza ifungwe kwa waya, maana mlio wake ulimkera akiongea na simu.

"Kimondo kiliigonga, kikaondoka nayo."

"Kikaenda nayo wapi?"

"Fundi, mambo ya anga ni mazito."

Pale ilipokuwa vali sasa palikazwa kizibo cha chuma, kama chupa ya mafuta ya taa. Saa nane, baada ya sherehe ya kukizindua kimondo, boila ingewashwa hivyo hivyo. Nyuma ya ukuta angekuwa mke wangu na wenzake kumi na mmoja.

"Bandika bati jipya juu ya hilo la zamani," meneja aliagiza, "umalize kabla mgeni rasmi hajafika."

Nikapanda. Tundu lilikuwa na ukubwa wa sahani, na kingo zake zote zilikuwa zimepinduka kuelekea juu. Nikazigusa moja moja. Katika kazi yetu hili ni somo la siku ya kwanza: msumari ukipita kwenye bati, midomo ya tundu hufuata unakokwenda. Nikakaa pale paani nikitafuta namna ya kumtetea meneja. Pengine upepo? Pengine kuna mtu alizivuta? Nilitafuta kwa haki kabisa, nikakosa.

Tena fundi anayejiheshimu habandiki bati juu ya lililochanika. Maji hupenya katikati. Nikang'oa misumari, nikalishusha zima.

Chini, sherehe ilikuwa imeanza. Afisa wa halmashauri ameketi, hotuba mapajani. Meneja amesimama kando ya bakuli lake.

"Nyotamkia! Asteroidi! Vimondo! Dunia imezungukwa na mamilioni ya mawe, mengine makubwa kuliko mji huu. Sasa jiulizeni, kwa nini jiwe lituchague sisi? Ni ubora wa huduma zetu!"

Wapiga pasi walipiga makofi kama wanaoua mbu.

Hayo ya mawe ni kweli, nimeyasoma. Huanguka, na kuna watu wanaokesha na darubini kuyachunga yasije yakatuangamiza. Ndiyo maana iliniuma kuyaona yakisingiziwa kazi ya waya.

Nikalilaza bati mbele ya meza. "Samahanini. Hili ndilo lililotobolewa."

"Peleka nyuma!" meneja alifoka.

Lakini msimamizi wa pasi, mama mnene wanayemwita Bi Mkunjo, alikwisha kuinama.

"Meneja, upande wa juu ni upi hapa?"

"Si huo wenye kinyesi cha ndege! Hata hilo mnauliza?"

"Haya. Mbona midomo ya tundu imeelekea kwenye kinyesi?"

Meneja akatazama. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Labda... kilidunda."

"Kwa hiyo kwanza kiliingia kwa mlango?" aliuliza mke wangu. "Kikapiga hodi?"

"Kikasaini daftari la mahudhurio!" mwingine akadakia, na kicheko kikalipuka.

"Msilete siasa kazini! Boila ni nzima. Kila mtu ndani!"

Hakuna aliyeinuka. Mke wangu hakupandisha sauti. Nyumbani pia hapandishi, ndiyo maana namwogopa.

"Kama kosa ni la mbingu, bosi, boila haina neno. Iwashe wewe, ukae nayo mpaka shuka la mwisho likauke. Sisi tutakusubiri ng'ambo ya barabara."

Bi Mkunjo akampa kiberiti kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

Mlango wa chumba cha boila ulikuwa wazi, hatua tano tu. Meneja akapiga tatu. Akakiona kile kizibo alichokikaza mwenyewe, akasimama, akajifuta shingo.

"Nina kikao," alisema.

"Na nani?" Bi Mkunjo akauliza. "Jua?"

Afisa akakunja hotuba yake, akaitia mfukoni bila kuisoma, akaomba namba ya simu ya mkaguzi wa boila.

Meneja akapekua simu yake, akapekua tena. Miaka sita anaendesha kiwanda chenye boila. Namba hiyo hakuwa nayo.